Wiki ya mwisho tuwaachie watu waagane

Kuanzia katikati ya Juni mpaka mwanzoni mwa Agosti, Iringa hatukosi wageni wa aina moja: wanafunzi wa vyuo vya nje, wengi wao Wamarekani, wanaokuja kujifunza Kiswahili wakati kwao ni likizo ya kiangazi. Kwao jua linawaka, kwetu ni kipupwe. Mji wetu umekaa juu mlimani, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai haina huruma na mtu. Wanashuka kwenye basi na fulana na vikaptula, na wiki haijaisha unawakuta kwenye mitumba wanachagua majaketi na masweta mazito.

Mimi ni mwalimu wao wa lugha. Asubuhi tunakuwa darasani, mchana napita kwenye familia wanakoishi, Kihesa, Mtwivila, Mwangata, wengine kule chini Ipogolo. Kuna jambo nimekuwa nikilisema kwenye vikao kwa vipande vipande, leo nataka niliseme lote: wiki ya mwisho ya programu hizi inapangwa vibaya, na wanaobeba uchungu wake ni wanafunzi wenyewe pamoja na akina mama waliowapokea.

Tuitazame ratiba ilivyo. Jumatatu mtihani wa kuandika. Jumanne mahojiano ya mdomo kwa simu, kila mmoja kwa zamu yake. Jumatano alfajiri gari linaondoka kwenda Hifadhi ya Ruaha, wanalala huko, wanarudi Alhamisi jioni vumbi mpaka kwenye kope. Ijumaa asubuhi wanawasilisha kazi zao mbele ya walimu, mchana wanakimbizana madukani kutafuta vikapu vya milulu na vitenge vya kupeleka kwao, jioni kuna sherehe ya kuagana yenye keki na hotuba. Jumamosi kabla hakujapambazuka wako stendi ya Igumbilo na mabegi. Mtoto aliyekula na kulala nyumba moja tangu Juni anaipata familia yake kwa saa mbili au tatu za mwisho, tena usiku, wakati yeye anafunga mizigo na mama anapika chakula cha njiani. Mama mmoja wa Mtwivila aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, hawa watoto wanatuondokea kama waliofukuzwa."

Wanaoandika ratiba hizo wako mbali, na sababu zao nazielewa. Ruaha wanaiweka mwisho iwe zawadi baada ya kazi ngumu. Mtihani unawekwa mwisho kwa sababu wanataka kupima kila kilichofundishwa mpaka siku ile. Sherehe inakuwa Ijumaa kwa sababu basi ni Jumamosi. Kila kitu kina hoja yake kikiwa peke yake, ila vikishapangwa pamoja hakuna nafasi iliyobaki ya kazi ambayo huku kwetu ni kubwa kuliko zote, nayo ni kuaga.

Kabla sijafika huko, niseme kidogo kuhusu lugha, maana ndiyo iliyowaleta. Taasisi inayowafundisha lugha maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inakadiria kwamba mtu anayezungumza Kiingereza anahitaji wiki 36 hivi, kama saa 900 za darasani, ili akimudu Kiswahili vizuri kwa kazi. Programu ya kiangazi ya kawaida ni wiki nane. Hata ukimweka darasani saa 20 kila wiki, unapata 160. Kwa hiyo hakuna anayetoka hapa lugha ikiwa imekamilika, na wala sidhani kuna mwalimu anayelitarajia hilo. Kinachotokea ni kwamba karibu na wiki ya sita sikio linafunguka. Wiki za mwanzo mwanafunzi anaongea na mwalimu na watoto wadogo tu, kwa sababu watoto wana subira na wanapenda kurudia. Watu wazima wanamwongelesha kwa kasi, anabaki kutabasamu na kuitikia "ndiyo" kwa kila swali. Halafu siku moja mezani baba wa nyumba anatania, na mgeni anacheka pamoja na wengine, kwa wakati uleule, bila kutafsiriwa. Familia nzima inamgeukia. Mimi huletewa habari hiyo kesho yake asubuhi kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto kuota jino.

Sasa fikiria: sikio limefunguka wiki ya sita, wiki ya saba anaanza kuongea na bibi jirani, na wiki ya nane tunamtoa nyumbani tunampeleka kuangalia tembo. Zile siku ambazo angeweza kukaa jikoni akaelewa anachoambiwa, ndizo anazokosa.

Mahojiano ya simu nayapa heshima yake. Yanafuata viwango vya baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, hayazidi nusu saa hivi, na anayehoji anajua kazi yake: anapanda na mwanafunzi ngazi kwa ngazi mpaka aone mahali anapokwama. Lakini yule aliye upande wa pili wa simu hawezi kusikia kama mtu huyu anajua kupiga hodi akasubiri, kama anajua kukaa msibani bila kuongea, wala kama anajua kumimina chai taratibu kuanzia kwa mkubwa. Mambo hayo yanapimwa na mama mwenye nyumba, na hakuna fomu anayopewa ajaze. Hili linaniumiza kila mwaka. Mwanafunzi anajaza kurasa za tathmini: chakula kilikuwaje, chumba kilikuwaje, maji yalikuwa ya kutosha? Mama hajaulizwa hata swali moja. Familia zinalipwa fedha za chakula na malazi, ni kweli, na ni haki yao. Lakini fedha hazikulipia kukaa macho usiku mtoto wa watu alipopata homa, wala kumfundisha kusonga ugali mpaka mikono ikazoea moto.

Haya, kuaga. Kwetu mtu haagi mara moja. Kwanza anatangaza mapema, ili watu wajiandae moyoni, na pia ili mwenye barua, mzigo au salamu aandae. Kisha anazunguka. Anaanza kwa wakubwa: bibi, babu, mchungaji au shehe, mjumbe, jirani aliyemsaidia siku ya kwanza alipopotea njia. Kila nyumba unakaa. Ukiaga ukiwa umesimama mlangoni, umetukana. Unapewa chai au uji, unaulizwa habari za safari hata kama kila mtu anazijua, mnasali kidogo, unapewa kitu mkononi, kisha mwenyeji anainuka na kukusindikiza. Hata kama ni hatua chache tu mpaka penye nguzo ya umeme, atakusindikiza. Nyumba moja inaweza kuchukua saa nzima. Nyumba tano ni siku.

Nitaeleza ziara moja niliyoshuhudia Mwangata, kwa sababu pale ndipo nilipoelewa kwamba hili linapaswa kupiganiwa. Kijana mmoja mrefu, mpole, alikuwa na kawaida ya kupita kwa bibi wa nyumba ya pili kila akitoka darasani. Ni msimu ambao mahindi yameshavunwa, kila ua una magunzi na maganda, na bibi yule alikuwa anapukuchua mwenyewe kwa mkono. Kijana alikuwa anakaa naye wakipukuchua wote. Siku ya kuaga nilikwenda naye kwa sababu alikuwa na wasiwasi wa maneno.

Alipiga hodi. Bibi akaitikia, "Karibu, mjukuu wangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umechelewa kazini."

"Nimekuja kuaga, bibi. Jumamosi nasafiri, narudi nyumbani."

Bibi hakujibu. Hakuinua hata uso. Alisukuma kigoda kwa mguu kumwelekea kijana, akachukua hindi lingine, akaendelea. Kijana akaniangalia. Nilimwonyesha kwa macho: kaa. Akakaa, akachukua hindi naye. Walipukuchua hivyo kwa muda mrefu, punje zikidondoka kwenye ungo, hakuna anayesema kitu. Nilimwona anachungulia saa, maana mchana ule alitakiwa awe kwenye mazoezi ya kuwasilisha. Nilimwambia ofisini nitaeleza mimi.

Kisha bibi akaanza kuuliza. Mama yako anaitwa nani? Ana watoto wangapi? Huko kwenu mahindi yapo? Nani atakupokea ukishuka kwenye ndege? Alijibu yote, polepole, kwa Kiswahili ambacho hakuna mtihani ungeweza kukitoa kinywani mwake. Bibi akaingia ndani, akatoka na maharage, karibu nusu sado, yamefungwa kwenye kipande cha kitenge. Akamwekea mikononi, akafunika mikono yake kwa mikono yake mwenyewe, akasema: "Msalimie mama yako. Mwambie tumekutunza."

Alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshika mkono njia nzima.

Ile salamu ndiyo niliyoondoka nayo. Bibi alikuwa anamkabidhi mtoto kwa mwanamke mwenzake asiyemjua, upande wa pili wa dunia. Kumkabidhi mtoto kwa mwenyewe ni jambo zito, na lilihitaji muda wote ule wa kimya na magunzi. Mwaka huohuo wenzake wengine hawakufanikiwa kufika kwa yeyote zaidi ya nyumba walizolala. Simlaumu hata mmoja. Walikuwa kwenye gari, wakirudi kutoka hifadhini.

Mambo mawili matatu nawafundisha siku hizi kuhusu kuaga, na nayaandika hapa kwa faida ya walimu wenzangu wa Mbeya, Tukuyu na Njombe ambao nao wanapokea wanafunzi hawa.

La kwanza ni ahadi. Watauliza wote: utarudi lini? Mwanafunzi, kwa mapenzi, anajibu haraka kwamba atarudi mwakani. Mtoto wa miaka sita katika nyumba ile anaanza kuhesabu. Najua nyumba ambayo kijana wao aliahidi Krismasi, na mdogo wa nyumba akawa anakwenda kusimama njiani kila jioni ya Desemba. Ahadi ni deni, na nauli ya ndege kutoka Marekani hailipiki kwa nia njema. Nawaambia waseme ukweli: napenda kurudi, sijui lini, nitapiga simu siku fulani. Halafu wapige siku hiyo.

La pili ni vitu. Siku ya mwisho wanataka kugawa kila kitu: viatu, sweta, tochi, dawa za mbu. Wanampa kila anayepita mlangoni, na wakiondoka wanaacha minong'ono mtaani, kwa nini fulani kapewa jaketi na fulani soksi. Vyote apewe mama mwenye nyumba. Yeye anajua mtoto wa nani hana sweta la shule na nani ataona aibu kupewa mbele ya watu.

La tatu ni mzigo wa kurudi nao. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu begi la kilo 23, na akina mama wa Iringa hawajawahi kuukubali mpaka huo. Unga, karanga, asali, majani ya chai ya Mufindi, maparachichi. Maparachichi hayatavuka, matunda mabichi yanachukuliwa uwanja wa ndege kule wanakoshukia. Nawaomba wanafunzi waseme hivyo mapema na kwa upole, kisha yale maparachichi yaliwe pamoja mezani usiku ule. Asiyasukume pembeni usiku wa manane huku mama anaangalia. Chai, hata ikibidi viatu vibaki, ibebwe.

Kuna watu huniuliza: sasa safari za kutembea tuziweke wapi? Jibu langu ni mapema. Isimila iko kilomita kama 20 tu kwa barabara ya Mbeya. Zile nguzo za udongo na zana za mawe ambazo wanaakiolojia walizichimbua mwaka 1957 na 1958 haziondoki, mchana mmoja wa wiki ya kwanza unatosha. Ruaha iende katikati, wakati uchovu wa darasa umeanza kuwashika.

Kalenga ndiyo ninayoitetea kwa nguvu iwe mapema, na sababu yake ni nyingine kabisa. Pale ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mpaka Wajerumani walipoivunja Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kulisambaratisha jeshi la Kijerumani la kamanda Zelewski kule Lugalo. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, akajiua ili asikamatwe. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliagiza kirudishwe. Kilirudi mwaka 1954, Gavana wa Kiingereza, Twining, akakikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Mtwa Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Leo fuvu liko pale Kalenga, kwenye jengo dogo la makumbusho, unasimama mbele yake.

Mgeni akilipeleka jambo hilo nyumbani jioni, halimalizwi kwa kikombe kimoja cha chai. Baba wa nyumba ana lake alilosikia kwa babu yake, shangazi ana lake, jirani anaitwa. Nimeona nyumba ambayo mazungumzo hayo yalikwenda kwa wiki, kila usiku kipande, na mwanafunzi akaanza kuuliza maswali ambayo mimi mwalimu nililazimika kwenda kuyatafutia majibu. Wiki ya mwisho haina nafasi ya mazungumzo ya namna hiyo. Anaona fuvu, anapiga picha nje, anapanda gari, na swali lake anaondoka nalo.

Mwaka huu ofisi moja ilikubali kujaribu. Ruaha ilisogezwa wiki ya nne, mtihani na mahojiano vikamalizika Jumatatu na asubuhi ya Jumanne, na kutoka hapo hapakuwa na kitu kwenye ratiba mpaka sherehe ya Ijumaa. Ofisini walikuwa na hofu kwamba wanafunzi watakaa bure, wakishika simu. Nilizunguka nyumba zote kuona. Binti mmoja alikuwa kanisani na mama yake kwenye mazoezi ya kwaya, na wanakwaya walimsimamisha mbele wakamwimbia. Kijana mwingine alishinda gereji kwa baba yake, akiwa na grisi mpaka viwikoni, akipokea wateja kwa salamu ya Kihehe, kamwene. Wawili walimwomba mama awafundishe upya kupika makande, wakiandika kila kipimo kwenye daftari, na mama akawa anasema hakuna kipimo, mnaangalia. Binti mmoja mkimya, ambaye nilidhani hakuwa na mtu wa kumuaga zaidi ya familia yake, nilimkuta sokoni kwa mama muuza nyanya, amekaa nyuma ya meza, anapanga mafungu. Kumbe alikuwa akipita pale kila siku tangu Juni.

Sherehe ya Ijumaa ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuhudhuria. Keki ilikatwa, watu wakalishana, vigelegele vikapigwa, mama mmoja akazungumza kwa niaba ya wenzake, tukatawanyika mapema. Na Jumamosi stendi niliona kitu ambacho sikukitegemea: kilio kilikuwa kidogo. Miaka mingine pale Igumbilo ni vilio mpaka kondakta anaomba radhi kwa abiria. Safari hii watu walikumbatiana, mabegi yakaingia, wakapunga mikono. Walikuwa wameshalia majumbani, kwa muda wao, kila mmoja na wake.

Basi likaondoka kuelekea Ilula kwenye nyanya, kisha mteremko wa Kitonga, kisha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kisha Mikumi ambako barabara inakata katikati ya hifadhi na mtu anaweza kumwona tembo dirishani bila kupangiwa safari. Kabla hawajafika Morogoro mama wa Mtwivila alikuwa ameshapigiwa simu. Aliniambia mtoto alitaka kujua kama ule mfuko wa karanga ni wa njiani au wa nyumbani.

Ratiba za mwakani zinaanza kuandikwa mapema, mara nyingi kabla ya mvua hazijaisha. Walimu wenzangu mlioko Mbeya najua mna shida yenu ya ziada, maana Nanenane inaangukia palepale mwishoni na ofisi zinapenda kumalizia Uwanja wa John Mwakangale. Wapelekeni siku za mwanzo za maonyesho, warudi nyumbani. Na kikao cha kupanga kikiitwa, mwombeni mama mmoja mwenye nyumba aingie, akae mezani, aulizwe. Barua yangu kwa ofisi nimeshaituma: Kalenga wiki ya pili, Ruaha wiki ya nne, mtihani Jumatatu, na kuanzia Jumanne mchana ratiba iandikwe "nyumbani" mpaka siku ya basi.